Kuvua Besi kwa Kayaki Mitoni na Ziwani: Mwongozo Kamili

Kayaki, yaani chombo kidogo chembamba cha kuendeshwa kwa kafi, humpa mvuvi wa besi, samaki mwindaji wa maji yasiyo na chumvi, mambo mawili ambayo boti ya injini haiwezi kumpa: ukimya, na uwezo wa kupita penye maji ya kina cha sentimita 30 tu, katikati ya yungiyungi na matete, ambako samaki wakubwa hujificha kwa sababu ni wachache wanaoweza kuwafikia. Faida hizo zina gharama yake. Chombo ni chepesi, upepo mdogo hukisukuma, samaki wa kilo mbili hukizungusha, na kila kitu unachohitaji lazima kiwe mahali ambapo mkono unafika ukiwa umeketi. Kwa sababu hiyo mwongozo huu utarudi mara kwa mara kwenye jambo moja: katika uvuvi huu kazi ya kwanza ni kukiweka chombo mahali pake, na kutupa mshipi ni kazi ya pili. Mvuvi anayejua kukitawala chombo chake, hata akiwa na chambo cha aina moja, atapata samaki wengi kuliko mwenye sanduku lililojaa chambo anayeelea ovyo.

Samaki mwenyewe

Besi wanaovuliwa zaidi kwa kayaki ni wa aina mbili. Besi mdomo-mkubwa ana mstari mweusi unaopita ubavuni, na mdomo wake ukifungwa, ncha ya taya la juu hupita nyuma ya jicho. Anapenda maji yaliyotulia, magugu, magogo na kivuli. Besi mdomo-mdogo ana rangi ya shaba na michirizi ya wima, taya lake halipiti nyuma ya jicho, naye hupenda mawe, maji maangavu na mkondo. Asili ya wote wawili ni Amerika Kaskazini, lakini wamepandikizwa katika mabara mengine, na mdomo-mkubwa amestawi ugenini kiasi kwamba rekodi yake ya dunia ni ya samaki wawili kwa pamoja: yule aliyevuliwa na George Perry katika jimbo la Georgia, Marekani, mwaka 1932, na yule aliyevuliwa na Manabu Kurita katika Ziwa Biwa, Japani, mwaka 2009. Kila mmoja alizidi kidogo kilo 10.

Besi ni mviziaji. Hujibanza mahali ambapo vitu viwili vinakutana, kama vile kivuli na mwanga, magugu na maji ya wazi, mkondo wa kasi na maji yaliyotulia, au kina kifupi na kina kirefu, kisha husubiri dagaa, chura au kamba wa maji baridi apite karibu. Mvuvi anayefika ziwani kwa mara ya kwanza na kuona maji mengi yanayofanana asitupe mshipi kokote. Atafute kwanza mipaka hiyo.

Jambo la pili linalomwongoza samaki huyu ni joto la maji, kwa kuwa mwili wake hufuata joto hilo. Maji yanapopanda kutoka kwenye baridi na kufikia takriban nyuzi 15 hadi 20 za Selsiasi, besi huingia kwenye maji ya kina kifupi kutaga mayai. Dume huchimba kiota kwa mkia na kuyalinda mayai, kisha vifaranga. Akiondolewa, hata kwa dakika chache, samaki wadogo huja kuyala mayai hayo. Kwa maoni yangu, dume aliye juu ya kiota aachwe, hata pale ambapo sheria inaruhusu kumvua. Joto linapokuwa kali, besi hula zaidi alfajiri, jioni na usiku, na mchana hushuka kwenye kina au huingia chini ya magugu mazito. Maji yanapoanza kupoa tena, huwafuata samaki wadogo hadi ndani ya vihori. Kwenye baridi kali hukaa vilindini na kusogea kidogo sana, na hapo chambo lazima kiende polepole kuliko mvuvi anavyotamani.

Hatua ya kwanza: kuchagua chombo na kafi

Kwa uvuvi, kayaki ya wazi, ile ambayo mtu huketi juu yake, ni bora kuliko ile ambayo miguu huingia ndani ya tundu. Ina matundu ya kutolea maji, haijai ikipinduka, na ni rahisi zaidi kuipanda tena. Upana wa sentimita 80 hadi 95 hutoa utulivu wa kutosha, na urefu wa mita 3 hadi 4 hufaa maji mengi. Mtoni, kayaki fupi hugeuka upesi kati ya mawe. Ziwani, ndefu hushika njia iliyonyooka na kukata mawimbi. Uangalie uzito ambao mtengenezaji anasema chombo kinaweza kubeba, kisha upange mzigo wako, pamoja na mwili wako, usizidi takriban theluthi mbili ya uzito huo, kwani kayaki iliyoelemewa huwa nzito kugeuza na hupoteza utulivu wake.

Kayaki za pedali, zinazoendeshwa kwa miguu, huiacha mikono ifanye kazi ya kuvua, na ziwani ni msaada mkubwa, hasa kwenye upepo. Kwenye mto wenye mawe, mapezi yaliyo chini ya chombo hugonga na kuvunjika, kwa hiyo anayevua mitoni zaidi atafaidika na kayaki ya kafi iliyo nyepesi. Kwa kuwa kayaki za uvuvi ni pana na viti vyake vimeinuliwa, kafi yenye urefu wa sentimita 240 hadi 260 huwafaa watu wengi. Iliyo fupi zaidi hugonga kingo za chombo, na kila mgongano huo husikika chini ya maji.

Hatua ya pili: usalama kabla ya ndoano

Jaketi la kuokoa maisha huvaliwa, likafungwa, tangu unapoingia majini hadi unapotoka. Jaketi lililowekwa nyuma ya kiti halina kazi, kwa sababu mtu hupinduka bila taarifa na chombo huenda na upepo kabla hajaligusa. Tafuta lile lililotengenezwa kwa ajili ya kupiga kafi, lenye mgongo mfupi usiogombana na kiti. Juu yake funga filimbi na kisu kifupi mahali ambapo mkono wowote unafika.

Uvae kulingana na joto la maji na si la hewa. Maji yaliyo chini ya nyuzi 15 humfanya mtu avute pumzi kwa mshtuko na kupoteza udhibiti wa kupumua katika dakika ya kwanza. Baada ya dakika kama 10 vidole na mikono huanza kukataa kazi, muda mrefu kabla ya mwili wenyewe kupoa hadi kupoteza fahamu. Siku yenye jua kali juu ya maji ya baridi ndiyo inayodanganya zaidi, na hapo suti ya mpira au nguo maalumu zisizopitisha maji ni za lazima.

Kupanda tena chombo kilichopinduka hufanyiwa mazoezi karibu na ufukwe, kwenye maji yenye vuguvugu, ukiwa na mwenzako. Kwanza pindua kayaki irudi wima: fika upande wake wa pili kwa mkono, shika ukingo, vuta kuelekea kwako. Kisha jipange katikati ya chombo, acha miguu ielee nyuma yako juu ya maji, piga mateke kwa nguvu huku ukijivuta, mpaka tumbo lilale juu ya kayaki. Pumzika hapo. Geuza nyonga uketi, ndipo uingize miguu. Wengi hushindwa kwa kujaribu kujiinua wima kama mtu anayepanda ukuta, nao huchoka haraka. Rudia zoezi hadi ulifanye bila kufikiri, na kila kifaa kiwe kimefungwa, kwa sababu siku ya ajali kitakuwepo.

Mwambie mtu aliyebaki nchi kavu unaingilia wapi, utatokea wapi na saa ngapi. Radi ikisikika, toka majini mara moja. Mvuvi aliyeketi katikati ya ziwa akiwa ameshika ufito mrefu wa kuvulia ndiye kitu kirefu kuliko vyote vilivyo karibu naye. Gizani beba taa nyeupe inayoonekana pande zote.

Hatua ya tatu: vifaa, na mahali pa kuviweka

Fito mbili au tatu zinatosha. Ya kwanza iwe na urefu wa mita 2 hivi, ngumu kiasi, yenye mshipi wa florokaboni (aina ya plastiki) unaohimili uzito wa kilo 5 hadi 7, kwa kazi nyingi za kawaida. Ya pili iwe ngumu zaidi, yenye mshipi wa kusukwa wa kilo 15 hadi 25, kwa ajili ya magugu mazito, ambako besi akishajizungushia majani, mshipi mwembamba hukatika. Ya tatu, laini na nyepesi, ni kwa maji maangavu na samaki waoga. Fito ndefu sana husumbua kwenye kiti kifupi, hasa samaki anapokuwa ubavuni mwa chombo.

Kuhusu chambo bandia, ningeanza na vinne: mnyoo laini wa plastiki, chambo cha kuelea kwa alfajiri na jioni, chambo chenye bapa linalozunguka, kwa maji yenye matope au yenye mawimbi, na jigi, yaani ndoano yenye kichwa cha madini ya risasi na nyuzi zinazochezacheza, kwa kugonga sakafu na magogo. Vitie kwenye visanduku viwili bapa. Koleo, mkasi na ubao wa kupimia samaki vikae mbele ya magoti, kwa kuwa kila kinachokulazimu ugeuke nyuma hupunguza utulivu wako. Ziwani, funga fito, kafi na koleo kwa kamba fupi. Mtoni punguza kamba hizo hadi chache kabisa, maana katika mkondo kamba inayoning'inia hunasa mguu au tawi.

Hatua ya nne: kukitawala chombo ziwani

Kabla ya kuondoka ufukweni, tazama upepo. Ukiweza, anza kwa kwenda kinyume chake, ili nguvu zikiisha upepo huohuo ukurudishe. Ukifika mahali pa kuvua, simama upande upepo unakotoka, kwa umbali wa mita 15 hadi 20 kutoka kwenye lengo, kisha acha chombo kisogee polepole huku ukitupa mshipi mbele na pembeni. Kayaki ikienda kasi mno, tupa mwavuli wa maji, yaani mfuko wa kitambaa unaovuta maji na kupunguza mwendo. Penye kina kifupi, mti mrefu uliochomekwa kwenye matope hushikilia chombo kimya kuliko nanga.

Nanga ya kayaki ni ndogo, ya kilo moja na nusu hivi. Kamba yake ipite kwenye pete iliyofungwa kwenye kamba ya kapi inayoizungusha kutoka katikati hadi omo (mbele ya chombo) au tezi (nyuma yake), ili uchague upande wa kuukabili upepo. Usiifunge ubavuni katikati ya chombo: upepo ukivuma kwa nguvu, kamba huuvuta ubavu chini na maji huingia.

Ustadi unaofaa kuliko vyote ni kupiga kafi kwa mkono mmoja. Lalisha kafi kwenye mkono, bapa lake likiwa majini karibu na kiti, ulivute au ulisukume kidogo, huku mkono wa pili umeshika ufito. Mapigo mafupi ya namna hiyo huirudisha omo mahali pake bila kuacha kuvua. Ufanye mazoezi hayo bila ndoano majini hadi mkono uzoee, kwa sababu samaki wengi hupotea wakati mvuvi anaweka ufito chini na kushika kafi kwa mikono miwili.

Hatua ya tano: kulisoma ziwa na kutupa mshipi

Tafuta kwanza ncha za ardhi zinazoingia majini, kwa kuwa hapo kina kifupi na kirefu hukutana kwa karibu. Fuata kingo za magugu, hasa penye pengo, kona au mabadiliko ya aina ya majani. Miti iliyozama, mashina, nguzo za gati na mawe makubwa ni sehemu za pili. Kipima kina kidogo kinachofungwa ukingoni husaidia, lakini macho yanatosha kwa kuanzia: rangi ya maji inayobadilika ghafla kuwa nyeusi huonyesha mteremko. Katika maziwa yenye kina kirefu, wakati wa joto maji hugawanyika matabaka, na chini, katika tabaka la baridi, hewa ya oksijeni inaweza kuwa haba. Hivyo usihangaike kuvua kilindini kabisa wakati samaki wapo juu ya mpaka wa matabaka hayo.

Sasa mnyoo wa plastiki. Pachika ndoano ya ukubwa wa namba 3/0 au 4/0, ncha yake ikiwa imefichwa ndani ya mwili wa chambo ili isinase majani, na mbele yake kuwe na chubwi ya gramu 5 hadi 10 yenye umbo la risasi. Tupa ukingoni kabisa mwa magugu, si katikati yake, kisha acha kizame mshipi ukiwa umelegea kidogo tu, kwa sababu mara nyingi besi hukipokea kinapoanguka. Tazama mahali mshipi unapoingia majini. Besi hakamati chambo kwa meno. Hufungua mdomo na mashavu ghafla, na maji huingia yakiwa na chambo. Unachoona ni mshipi kuruka kidogo, au kuanza kwenda kando taratibu, au kulegea kabla chambo hakijafika chini. Ishara hizo ni ndogo, na mvuvi anayetazama ufukwe huzikosa zote.

Kikifika chini bila kuguswa, inua ncha ya ufito kidogo, ishushe, ngoja. Besi mdomo-mkubwa aliyekaa kwenye kivuli anaweza kukitazama kwa muda mrefu kabla ya kuamua.

Hatua ya sita: mto

Mto unadai heshima zaidi ya ziwa, na mvuvi apime usalama wake kabla ya kufikiria samaki. Angalia kiwango cha maji siku hiyo, na kama kuna bwawa juu ya mto, ratiba ya kufungulia maji, kwani mto unaweza kupanda ghafla hata bila mvua. Mti ulioanguka mtoni ndio hatari kubwa: maji hupita kati ya matawi, lakini mwili na chombo havipiti. Ukae mbali nao, na ukiona mkondo unakusukuma kuelekea huko, piga kafi kwa nguvu kuvuka, usisubiri. Kizuio kifupi cha maji kinachokatiza mto huonekana kutoka juu kama mstari ulionyooka wa maji laini, lakini chini yake maji huzunguka na kumshikilia mtu asitoke. Toka mapema, beba chombo nchi kavu, ukipite.

Kayaki ikibanwa ubavu na jiwe, egemea upande wa jiwe, kamwe si upande maji yanakotoka. Ukianguka kwenye maji ya kasi, lala chali, miguu juu ikielekea mkondo unakokwenda, ukielea hadi mahali palipotulia; kujaribu kusimama kunaweza kuubana mguu kati ya mawe na mkondo ukakulaza usoni. Nanga mtoni siipendekezi kabisa kwenye mkondo wa kasi. Penye mkondo mdogo, ifungwe kwenye tezi au omo tu, kwa fundo linalofunguka kwa kuvuta mara moja, na kisu kiwe tayari.

Nanga haihitajiki sana ukijua kutumia maji yenyewe. Nyuma ya kila jiwe kubwa na kila ncha ya ukingo kuna sehemu ambapo maji hurudi nyuma taratibu. Ingiza kayaki humo, nayo itakaa karibu bila kupiga kafi, huku ukivua mstari wa kasi unaopita kando. Kuvuka mto, elekeza omo mkondo unakotoka kwa pembe ndogo na upige kafi mfululizo. Mkondo utakusukuma pembeni bila kukupeleka mbali.

Samaki wa mtoni hutazama maji yanakotoka, kwani chakula huja kutoka huko. Tupa chambo kuelekea mkondo unakotoka au kwa mshazari, kiteremke pamoja na mkondo kupita kando ya jiwe au mstari wa kasi, mshipi ukiwa umenyooka kiasi cha kuhisi mguso. Besi mdomo-mdogo wakati wa joto hukaa karibu na maji yenye povu, ambako oksijeni ni nyingi. Maji yakipoa, huteremka kwenye sehemu za mto zenye kina kirefu zilizotulia. Mto ukijaa na kuchafuka, besi hukimbilia kingo, karibu kabisa na ardhi, na hapo chambo chenye mtikisiko na rangi nyeusi huonekana vizuri zaidi.

Hatua ya saba: kumnasa na kumleta chomboni

Ukihisi mguso, kunja mshipi uliolegea, kisha vuta ufito kwa nguvu ukiwa umeketi wima. Kwa kuwa kayaki huteleza kumfuata samaki, sehemu ya nguvu yako hupotea. Kwa hiyo ndoano iwe kali kweli, na ukivuta, endelea kukunja rili, yaani kigurudumu cha kukunjia mshipi, pasipo kulegeza. Samaki akianza kuvuta, mwache aizungushe omo imwelekee. Chombo kinachoburutwa huchosha samaki kwa niaba yako. Akikimbilia chini ya kayaki, ingiza ncha ya ufito majini na uipitishe kuzunguka omo hadi upande wake. Kukaza mshipi chini ya chombo ndiyo njia ya kuvunja ufito.

Mlete ubavuni akiwa amechoka kiasi, lakini asiwe hoi. Kichwa chako kisitoke nje ya ukingo wa chombo, maana kichwa ni kizito na hufuatwa na mwili. Kama ana ndoano moja, mshike taya la chini kwa kidole gumba. Kama chambo kina ndoano za vichwa vitatu, tumia wavu wenye mpini mfupi na koleo, usipeleke vidole karibu na mdomo unaotikisika.

Hatua ya nane: kumwachilia, na kusafisha chombo

Lowesha mikono na ubao kabla ya kumgusa, ili ute unaomkinga usibanduke. Samaki mkubwa ashikwe kwa mikono miwili, mmoja kwenye taya na mwingine chini ya tumbo. Kumning'iniza kwa taya kunaweza kumdhuru. Pima, piga picha, mrudishe. Maji yakiwa ya moto, fanya yote hayo kwa sekunde chache, kwa kuwa maji ya namna hiyo hubeba oksijeni kidogo na samaki aliyepigana huchelewa kupona. Mshike wima majini hadi aondoke mwenyewe. Kubana vimiba vidogo vilivyo karibu na ncha ya ndoano kwa koleo kabla ya safari hurahisisha kazi hii sana.

Jua pia sheria ya mahali unapovua. Katika nchi ambazo besi ni mgeni, anaweza kuhesabiwa kuwa mvamizi. Japani, kwa mfano, iliweka besi mdomo-mkubwa chini ya sheria yake ya viumbe vamizi mwaka 2005, na kumsafirisha akiwa hai bila kibali ni kosa. Kokote uliko, usihamishe samaki hai wala chambo hai kutoka maji haya kwenda mengine.

Ukitoka majini, ondoa kila jani na tope kwenye kayaki, mwaga maji yote yaliyobaki ndani kupitia matundu na chini ya kiti, kisha iache ikauke kabisa pamoja na nanga, kamba na viatu kabla ya kuiingiza katika ziwa au mto mwingine.